Lugha ya Mgonjwa na Lugha ya Tabibu: Mijadala ya Tiba Itazamwapo kutoka Kasulo

Wazungumzapo watu juu ya hali ya tiba katika Afrika ya Mashariki, aghalabu huanza na hesabu: madaktari wangapi, vitanda vingapi, dawa kiasi gani. Lugha hutajwa mwisho, kana kwamba ni pambo. Walakini chombo cha kwanza anachokishika tabibu si kisu wala hadubini, bali ni swali. Na kitu cha kwanza anachokipata ni jibu. Swali likikosewa, au jibu likipotea njiani, vyombo vyote vifuatavyo hutumika juu ya msingi mbovu. Makala haya yanaeleza jinsi mijadala mitatu ya siku hizi, yaani mafunzo ya waganga, kazi ya zahanati na utafiti wa tiba, inavyokutana katika jambo hili la lugha. Mfano uliochukuliwa ni nchi ya Kasulo na jirani zake, ambako lugha nyingi hukutana mbele ya mgonjwa mmoja.

MAHALI NA LUGHA ZAKE

Kasulo ni kata ya wilaya ya Ngara katika mkoa wa Kagera, jirani ya wilaya ya Biharamulo, kando ya barabara kuu iendayo Rusumo mpakani mwa Rwanda. Wenyeji wa Ngara ni Wahangaza na Washubi. Katika orodha ya Guthrie lugha zao huwekwa katika kundi la D.60, pamoja na Kinyarwanda, Kirundi na Kiha. Kwa hiyo Mhangaza na Mrundi huelewana kwa kiasi kikubwa pasipo mkalimani. Upande wa Biharamulo husikika pia Kizinza na Kisukuma. Kiswahili ni lugha ya shule ya msingi, ya baraza na ya zahanati. Kiingereza ni lugha ya kitabu alichosomea tabibu, na ya maandishi yake katika jalada la mgonjwa.

Basi maneno ya mgonjwa husafiri. Bibi mzee hueleza maumivu yake kwa Kihangaza. Mjukuu wake huyageuza kuwa Kiswahili. Tabibu huyaandika kwa Kiingereza. Kisha amri ya dawa hurudi kwa njia ile ile. Katika kila kituo cha safari hiyo kitu chaweza kudondoka. Ikiwa mkalimani ni mtoto, yako mambo ambayo bibi hatayasema mbele yake, hasa ya uzazi na ya haja. Na ikiwa ni jirani, yako mengine ambayo hatapenda yajulikane kijijini.

Jambo hili lilidhihirika kwa ukubwa wa ajabu mwaka 1994. Katika siku za tarehe 28 na 29 Aprili wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000, kwa hesabu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, walivuka mpaka penye daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi, na kambi kubwa ya Benaco ikatokea Kasulo. Mashirika ya tiba yalikuja kutoka nchi za mbali, na wengi wa waganga wao walisema Kiingereza au Kifaransa. Wagonjwa walisema Kinyarwanda. Kati ya pande hizo mbili, mtu aliyefaa kuliko wote kwa kuulizana na kujibiana alikuwa mwenyeji wa Ngara mwenye Kihangaza na Kiswahili. Lakini ujuzi wa namna hii hauna cheti, wala haumo katika orodha ya vyombo vinavyopakiwa katika ndege ya misaada. Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, na kambi ya Lukole, waliyokaa Warundi katika wilaya hiyo hiyo, ilifungwa mwaka 2008. Tatizo la lugha halikuondoka pamoja nao, kwa kuwa halikuletwa nao.

LUGHA YA MAFUNZO

Mafunzo ya udaktari yalianza Dar es Salaam mwaka 1963, na chuo kilichokua kutokana na mwanzo huo kilipata hadhi ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili mwaka 2007. Tangu mwanzo lugha ya kufundishia imekuwa Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikipa Kiswahili nafasi ya kufundishia katika ngazi zote, bila kukiondoa Kiingereza. Hata hivyo vyuo vya tiba vimeendelea na Kiingereza.

Wanaotetea hali hii wana hoja zenye uzito. Elimu ya tiba hubadilika kila mwaka, na habari zake nyingi huchapishwa kwa Kiingereza. Daktari asiyeisoma lugha hiyo atabaki nyuma, na mgonjwa ndiye atakayelipa. Vitabu vya tiba ni vingi na ghali, na kazi ya kuvifasiri haina mwisho. Wapinzani wao hujibu ya kwamba mwanafunzi hujifunza kuuliza kwa lugha ambayo hatamwuliza nayo mtu yeyote. Hufundishwa namna kumi za kupambanua maumivu kwa Kiingereza, kisha hupelekwa zahanati, na hapo hubuni Kiswahili chake mwenyewe siku ile ile anapokihitaji.

Ugumu wenyewe waonekana katika maneno ya kila siku. Mkono wa Kiswahili huanza begani na kuishia vidoleni, na mguu kadhalika hufika mpaka kwenye wayo. Mgonjwa asemaye kuwa mguu unavimba hajasema bado ni wapi. Tumbo ni mahali pa chakula, na pia ni mahali pa mimba. Mshipa hushika njia ya damu, kano na hata neva. Na zaidi ya hayo, mtu akisema ana mshipa, huenda akawa anataja ngiri au busha. Wataalamu wameleta maneno ya ateri, vena na neva ili kupambanua, na Kamusi ya Tiba iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2003 ni ushahidi wa juhudi hiyo. Lakini neno lililopambanuliwa katika kamusi halimpambanulii mgonjwa. Yeye ataendelea kusema mshipa, na tabibu ndiye apaswaye kujua ni upi.

Hali kadhalika yako maneno ambayo mgonjwa ameyachukua hospitali na kuyapa maana yake. Mtu husema ana presha, akimaanisha kwamba imezidi. Mwingine husema presha ya kupanda na presha ya kushuka, na pengine huyaona hayo kuwa maradhi mawili yaliyo sawa kwa hatari. Mwingine husema ana sukari. Tabibu asiyeuliza zaidi hudhani kwamba wameelewana, kwa sababu tu neno limetoka kwake kwanza.

LUGHA YA HOMA

Katika kazi ya zahanati hakuna neno lililozaa mjadala mkubwa kuliko homa. Neno hili, lenye asili ya Kiarabu, latumika kwa joto la mwili, kwa ugonjwa wowote unaoleta joto hilo, na mara nyingi kwa malaria yenyewe. Kiswahili cha zamani kilikuwa pia na mkunguru, ugonjwa wa mgeni aliyeingia nchi asiyoizoea. Kwa miaka mingi neno homa na dawa ya malaria vilifuatana kama mtu na kivuli chake, na waganga wenyewe walifundishwa kuwa katika nchi yenye mbu ni salama zaidi kutibu kuliko kungoja.

Utafiti ulikuja kuonyesha gharama ya mazoea hayo. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki ya Tanzania: katika wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali, ni 2,062 tu walioonekana kuwa na vimelea katika damu. Mwaka 2014 yalitoka matokeo mengine ya watoto 1,005 wenye homa, waliopimwa Dar es Salaam na Ifakara. Malaria ilikuwa kwa mtoto mmoja hivi katika kila kumi, na zaidi ya nusu walikuwa na maradhi ya njia ya hewa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuagiza kwamba kila ashukiwaye kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa.

Kosa la upande wa pili ni kubwa vile vile. Katika wilaya ya Bagamoyo watafiti walieleza mwaka 1996 jinsi wazazi walivyopambanua homa ya malaria, waliyoiona ni ugonjwa wa kawaida wa kupelekwa zahanati, na degedege, waliyoiona ni jambo jingine kabisa, lenye asili ya pepo na lenye kuhitaji mganga wa jadi kwanza. Kwa tabibu, degedege la mtoto mwenye joto kali laweza kuwa dalili ya malaria iliyofika ubongoni. Basi mtoto aliyekuwa katika hatari kubwa zaidi ndiye aliyecheleweshwa, na kilichomchelewesha kilikuwa mpaka wa maana kati ya maneno mawili. Tangazo lisemalo tu kwamba malaria ni hatari halimfikii mzazi ambaye, kwa lugha yake, mtoto wake hana malaria.

Mkoa wa Kagera umeyaona mambo haya kwa namna kali zaidi. Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg katika wilaya ya Bukoba. Walihesabiwa wagonjwa 9, wakafa 6, na mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Tarehe 20 Januari 2025 ulitangazwa mlipuko wa pili, safari hii katika wilaya ya Biharamulo. Wagonjwa 2 walithibitishwa kwa vipimo na 8 walihesabiwa kwa dalili na uhusiano. Wote 10 walikufa. Tarehe 13 Machi 2025 mlipuko huo nao ukatangazwa kwisha, baada ya kupita siku 42, yaani mara mbili ya siku 21 ambazo ugonjwa waweza kujificha mwilini.

Siku za kwanza za ugonjwa huu ni joto kali, kichwa kuuma na mwili kuchoka. Kwa neno moja, ni homa. Hakuna tabibu awezaye kuitambua kwa kumtazama mgonjwa. Lazima aulize mgonjwa ametoka wapi, aliingia pango lenye popo au la, amemwuguza nani, amemzika nani. Hapo uteuzi wa maneno huwa kazi ya tiba yenyewe. Akiulizwa mtu, “Ulimgusa marehemu?” swali lina harufu ya mashtaka, na jibu la haraka ni hapana. Akiulizwa, “Nani walimwuguza? Nani walimwosha?” swali linataja wema, na mtu hana haya ya kujitaja katika wema. Vivyo hivyo anayedhaniwa kuwa na ugonjwa huitwa mshukiwa, neno la polisi, ilhali lipo neno mhisiwa lisilo na lawama. Na chumba cha kumweka huitwa cha kutengwa, ingawa kijijini kutengwa ni adhabu apewayo mtu aliyeikosea jamaa yake. Si ajabu basi ikiwa mtu atakimbia kabla hajafikiwa.

MAJINA YA MAGONJWA

Yafaa kukumbuka kwamba safari ya maneno haikuwa daima ya kutoka Ulaya kuja huku. Mlipuko wa miaka ya 1952 na 1953 katika uwanda wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, uliipa dunia jina la chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kukunjika, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Robinson na Lumsden, walioueleza ugonjwa huo mwaka 1955, walilichukua neno la wagonjwa wenyewe, na jina hilo hueleza dalili kwa ufupi kuliko istilahi nyingi zilizobuniwa mezani. Marburg, kinyume chake, ni mji wa Ujerumani, mmojawapo wa miji ugonjwa ulipoonekana kwanza mwaka 1967. Kwa mtu wa Kasulo jina hilo halielezi chochote.

Mkoa wa Kagera una historia yake katika neno hili pia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walionekana mkoani humo mwaka 1983, na kabla neno UKIMWI halijaundwa, watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo za fahari zilizoletwa na biashara ya mpakani. Jina hilo lilikuwa na maelezo yake juu ya asili ya ugonjwa: lilielekeza kidole kwa wafanya biashara na kwa wanawake. Neno UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, liliuondoa ugonjwa katika nguo na kuuweka katika mwili, na hiyo ni kazi kubwa kwa neno moja kuifanya. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2015, likishauri kwamba magonjwa mapya yasiitwe kwa majina ya mahali, ya watu wala ya wanyama, lilisema jambo ambalo Kagera ilikuwa imekwisha kulionja. Ndiyo sababu mwaka 2022 shirika hilo lilipendekeza jina mpox. Lakini katika Kiswahili jina la homa ya nyani limekwisha kushika mizizi, nalo linaleta tena neno homa pamoja na mnyama asiye na hatia.

LUGHA YA RIDHAA

Mjadala wa tatu ni wa utafiti. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 liliweka kanuni kwamba mtu asifanyiwe utafiti wa tiba pasipo ridhaa yake. Lilipopitiwa upya mwaka 2024, badiliko mojawapo lilikuwa la neno: anayefanyiwa utafiti sasa huitwa mshiriki, mahali pa jina la zamani lililomfanya kama kitu cha kutazamwa tu. Tanzania imechangia sana katika utafiti wa namna hii. Katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya miaka 2009 hadi 2014, yaliyohusisha watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika, Bagamoyo na Korogwe zilikuwa miongoni mwa vituo 11.

Fomu ya ridhaa huandikwa Kiswahili, na mtu asiyejua kuandika huweka dole gumba. Lakini Kiswahili chapambanua mambo ambayo fomu huyachanganya. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka. Kibali ni karatasi ya serikali. Hiari ni uhuru wa kuchagua. Ridhaa ni kukubali kwa moyo. Mwenyekiti wa kijiji akisimama barazani na kusema kwamba wageni wameruhusiwa, ametoa idhini. Mama aliyeketi nyuma na kuweka dole gumba baada ya hapo, je, ameridhia, au ametii? Fomu haiwezi kujibu. Mtafiti asiyeisikia tofauti ya maneno hayo hatauliza.

Yako na mengine. Chanjo, kabla ya kuwa ya hospitali, ilikuwa ya mganga wa jadi, aliyechanja ngozi na kutia dawa. Majaribio, kwa sikio la mzazi, ni kufanyiwa jambo ambalo mwenye kulifanya hajui mwisho wake. Na kwa kweli ndivyo lilivyo, wala haifai kulificha kwa neno laini. Kugawa watu katika makundi bila upendeleo huelezwa kwa kura, neno ambalo leo humkumbusha mtu uchaguzi, au kwa bahati nasibu, ambalo humkumbusha kamari. Na kuchukua damu kunaamsha habari za mumiani, neno la zamani ambalo kamusi za mwanzo wa karne ya 20 zilikwisha kulitaja pamoja na imani kwamba dawa hiyo hutokana na damu ya watu. Mtafiti akilicheka neno hilo amelikimbia swali lililo ndani yake: damu yangu yaenda wapi, na ni nani atakayefaidika nayo?

KAZI ILIYOBAKI

Kutokana na hayo yaonekana kwamba ubishi wa Kiingereza au Kiswahili, kama unavyoendeshwa mara nyingi, haufiki mwisho wa jambo. Hata vyuo vyote vikifundisha kwa Kiswahili kesho, bibi wa Kasulo bado atasema Kihangaza. Na hata Kiingereza kikibaki lugha ya vitabu, hakuna sababu ya kumwachia tabibu kijana abuni peke yake maswali ya kumwuliza mgonjwa.

Yapo mambo yanayoweza kufanywa bila kungoja ubishi huo umalizike. Kwanza, sanaa ya kumhoji mgonjwa ifundishwe na kutahiniwa kwa Kiswahili, vitabu vibaki katika lugha yo yote. Pili, kamusi za tiba zimeanza na istilahi ya mtaalamu na kuitafutia Kiswahili. Sasa zinahitajika orodha zinazoanza na neno la mgonjwa, wilaya kwa wilaya, zikieleza maana zake zote, likiwamo la Kihangaza, la Kishubi na la Kizinza. Tatu, maneno ya dharura kama mhisiwa na kutengwa yajaribiwe kwa wasikilizaji wa vijijini kabla mlipuko haujatokea, kwa maana siku ya mlipuko hakuna nafasi ya kusahihisha. Nne, ukalimani wa hospitali uhesabiwe kuwa kazi yenye mafunzo na siri yake, usiwe mzigo wa mtoto aliyemsindikiza nyanya yake.

Kazi ya pili na ya tatu haziwezi kufanywa na waganga peke yao, wala na wanaisimu peke yao. Wa kwanza wanajua ni maneno gani yakikosewa mtu hufa. Wa pili wanajua jinsi ya kulifuata neno mpaka kwa msemaji wake. Biharamulo mwaka 2025 watu 10 walikufa kwa ugonjwa ulioanza kwa dalili ambazo Kiswahili huziita kwa neno moja tu. Kulipambanua neno hilo, pamoja na ndugu zake katika lugha za wenyeji, ni utafiti wa lugha. Na ni utafiti wa tiba vile vile.